Tembo wa Shangazi

Kwetu Bombolulu Krismasi huanza mwezi wa Julai. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba sisi ni Waislamu, na nyumba yetu haijawahi kuingia mti wa Krismasi hata siku moja. Lakini Julai ikifika, meza ya shangazi hujaa malaika, nyota, kengele na tembo waliofungwa skafu nyekundu. Wote wadogo, wa kulala kwenye kiganja. Wote wa felti, wameshonwa kwa mkono. Mteja wake hutaka mzigo uwe tayari kabla Septemba haijaisha, maana vitu vinasafiri kwa meli, na malaika akifika Ulaya mwezi wa Januari hana kazi tena.

Nimekulia kwenye meza hiyo. Kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kujaza. Shangazi anashona umbo mpaka linabaki tundu la kupenya kidole, anakurushia, nawe unasukuma pamba ndani kwa kijiti cha mshikaki: miguu kwanza, halafu mkonga, tumbo mwisho. Ukijaza haba tembo anasinyaa. Ukizidisha mshono unafumuka, na hapo utasikia jina lako lote mpaka la babu. Zamani tulijaza sufi, ile ya mito. Mteja akaikataa kwa sababu ya mbegu na vumbi lake, basi sasa tunanunua pamba ya kiwandani kwa kilo.

Meza hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Karo yangu na kodi ya chumba kwa muhula mmoja ilikuwa shilingi 32,000, na shangazi alikuwa akilipwa shilingi 40 kwa tembo mmoja. Siku moja nikiwa nimekaa nyuma ya ukumbi wa mihadhara niligawanya. Tembo 800. Siku akiwa mzima na umeme haujapotea, anamaliza tembo 12. Siku 67, bila Ijumaa wala Jumapili, kwa muhula mmoja wa mtoto ambaye hata hamsikilizi mhadhiri. Nilikaa chuoni miezi mitano zaidi, lakini moyoni niliondoka siku ile. Niliporudi nyumbani na kumweleza hesabu yangu, shangazi hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kwani ni nani alikwambia uhesabu?"

Sasa ninaandika. Naandika chochote ninacholipiwa, na mara nyingi nalipwa kwa idadi ya maneno, kama yeye anavyolipwa kwa idadi ya tembo. Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maelezo ya midoli kwa duka moja la mtandaoni, na katika kuperuzi huku na huku nikajikuta nasoma historia ya felti. Nilianza kwa ajili ya pesa. Nimeendelea kwa sababu nilimkuta shangazi humo ndani, ila kwa jina lingine na katika nchi nyingine.

Nianze na kitambaa chenyewe. Felti haifumwi. Kanga, kikoi, shuka, vyote ni nyuzi zilizopita juu na chini ya nyuzi nyingine. Felti ya asili ni sufu ya kondoo iliyolowanishwa maji ya moto, ikasuguliwa na kupondwa mpaka manyoya yakashikana yenyewe. Kwa kuwa hakuna uzi wa kuchomoka, ukiikata kwa mkasi ukingo haufumuki. Huhitaji kukunga pindo wala huhitaji cherehani. Mkasi, sindano, uzi na mwangaza wa dirishani vinatosha, na ndiyo sababu kazi hii imekuwa ya nyumbani karibu kila ilikokwenda. Shangazi hapendi felti ya sufu, kwa bei yake na kwa nondo wa pwani. Anatumia ile ya nyuzi za viwandani. Mshono wake ni ule ule wa zamani: sindano inaingia kutoka nyuma, uzi unapitishwa chini ya ncha yake, unavuta, na ukingo unabaki na ngazi ndogo ndogo.

Umri wa kazi hii ulinishangaza. Mwaka 1949 mwanaakiolojia Sergei Rudenko alichimba kaburi kubwa la tano la Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia. Barafu ilikuwa imehifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza, na miongoni mwake walikuwemo batamaji wa felti, wameshonwa na kujazwa kama tunavyojaza sisi. Wana zaidi ya miaka 2,200. Leo wako kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg. Nilimwonyesha shangazi picha kwenye simu. Akaivuta karibu na macho, akakuza shingo ya yule ndege, akasema, "Huyu alijua kujaza." Basi. Ndiyo heshima kubwa anayotoa kwa mtu yeyote.

Lakini niliyetaka kumweleza hasa ni Margarete Steiff.

Alizaliwa Julai 1847 katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliacha miguu imepooza na mkono wa kulia dhaifu. Ilikuwa polio. Alikwenda shule akivutwa kwenye mkokoteni. Alijifunza ushonaji, na inasimuliwa kwamba alipopata cherehani aliigeuza nyuma mbele ili aizungushe kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1877 alifungua biashara yake ya nguo za felti, hasa sketi za ndani za akina mama. Miaka miwili mitatu baadaye aliona kielelezo cha tembo kwenye gazeti la mitindo, akashona vichache kwa mabaki ya felti viwe vishikio vya sindano, zawadi kwa wanawake. Watoto wakavipokonya na kuvichezea. Kufikia mwaka 1886 tembo waliouzwa walikuwa zaidi ya 5,000.

Shangazi alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. "Alikuwa akitembelea nini?"

"Kiti cha magurudumu."

"Na ngazi je?"

Nilikuwa nimesoma hilo pia: walipojenga jengo jipya, makao yake yalipangwa ili kiti kiweze kupita. Shangazi akaguna, akatazama kizingiti cha mlango wetu, kile anachokivuka kila siku kwa magongo, mguu wa kushoto ukiwa ndani ya vyuma.

Shangazi alizaliwa mwaka 1970. Akiwa na miaka mitatu alipata homa ya siku tatu, na siku ya nne mguu ukakataa. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni husuda ya jirani. Wakati huo chanjo ya polio ilishakuwepo duniani: ile ya Jonas Salk ilitangazwa mwaka 1955, na ile ya matone ya Albert Sabin ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 60. Mpango wa taifa wa chanjo hapa Kenya ulianzishwa mwaka 1980. Kwa mtoto aliyeugua 1973, hiyo ni miaka saba ya kuchelewa. Mimi, niliyezaliwa baada ya hapo, nilipata matone yangu mdomoni nikalia kwa sababu ya uchungu wake, na miguu yangu yote miwili ikanipeleka mpaka chuo, ikanirudisha.

Hapa ndipo Bombolulu yenyewe inaingia. Wakenya wengi wakisikia jina hili hukumbuka karakana. Ukivuka daraja la Nyali, ukapita Kengeleni na soko la Kongowea ukishika barabara ya Malindi, hufiki mbali kabla ya kufika mtaani kwetu. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoundwa mwaka 1958. Nia ilikuwa mtu mwenye ulemavu apate ufundi na mshahara, asikae kungoja sadaka ya Ijumaa mlangoni mwa msikiti. Mafundi walitengeneza vito vya shaba na mbegu, nguo, vinyago vya mbao na vitu vya ngozi, na bidhaa zao zikauzwa mpaka ng'ambo. Baadaye kikaongezwa kijiji cha utamaduni chenye nyumba za jamii mbalimbali za Kenya, na mabasi ya watalii yakawa yanaingia. Si jambo dogo. Katika miaka ambayo mtoto aliyelemaa alifichwa chumba cha nyuma wageni wakija, hapa kulikuwa na lango ambalo watu wa magongo na wa viti walilipita asubuhi wakienda kazini kama makarani.

Shangazi hakuwahi kuajiriwa humo. Jirani yetu mmoja aliajiriwa, na jioni akirudi alikuwa akikaa barazani na shangazi, wote wawili wamenyoosha miguu yenye vyuma. Sindano shangazi alishaijua. Bibi yangu alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka ua litokee. Kofia moja ingeweza kumchukua wiki kadhaa, katikati ya kupika na kuuguza. Jirani alichomfundisha shangazi ni vipimo: kwamba mnunuzi wa mbali akiagiza tembo mia, anataka tembo wa kwanza na wa mia wafanane kama mapacha.

Nimeifikiria sana ile kofia ya bibi. Pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Unguja, wanawake wameshona kofia majumbani kwa vizazi. Kofia inavaliwa msikitini, harusini, barazani. Mvaaji anasifiwa, na muuzaji anajulikana duka lake. Wa kuulizwa "hii nani kashona?" mara nyingi hayupo, yuko jikoni. Mara nyingine kazi yenyewe iligawanywa: huyu anachora, yule anatoboa na kuzungushia, mwingine anaunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni. Kofia moja, wanawake watatu, na anayeonekana ni mwanamume mmoja.

Turudi Giengen, maana kule mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1902 Richard, mpwa wa Margarete, alibuni dubu wa manyoya mwenye viungo vinavyozunguka. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Leipzig, mnunuzi Mmarekani aliagiza 3,000. Huko Marekani dubu wa namna hiyo walikuwa wakiitwa Teddy, kwa jina la utani la Rais Theodore Roosevelt, aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti alipokuwa akiwinda Mississippi Novemba 1902. Mwaka 1904 kampuni ikaanza kutia kifungo cha chuma kwenye sikio la kila mnyama wake, ili asije mtu akaigiza. Na mwaka 1907 ikatengeneza dubu 974,000. Walioajiriwa kiwandani walikuwa 400. Walioshona majumbani walikuwa 1,800.

Nilipofika kwenye namba hiyo niliacha kuandika maelezo ya midoli. Yaani kwa kila mtu aliyeingia lango la kiwanda, wanne na nusu walikuwa nyumbani, mezani, labda na mtoto pembeni akijaza. Ukisikia "Steiff" unamkumbuka Margarete, na anastahili. Alipigania riziki yake akiwa na mkono mmoja na nusu. Lakini kile kifungo sikioni kinataja kampuni. Hakuna kifungo kinachotaja meza.

Kuna kijihistoria kingine ambacho watu wa Mombasa wangefurahi kukijua. Yule Roosevelt aliyekataa kumpiga risasi dubu alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani. Alilala usiku mmoja, kesho yake akapanda reli kwenda bara kuwinda, na safari hii hakukataa kuwapiga risasi simba wala tembo. Siku 18 baada ya yeye kutia mguu hapa, tarehe 9 Mei, Margarete Steiff alifariki Giengen. Hawakuwahi kukutana. Jina la mmoja lilikuwa limeshikamana na kazi ya mikono ya mwingine, na hao wawili ndio tunaowakumbuka.

Nilimsimulia shangazi yote haya usiku mmoja umeme ukiwa umepotea, tumewasha taa ya simu. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza swali ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote: "Hao elfu moja mia nane, kwa dubu mmoja walilipwa ngapi?"

Nikamwambia hesabu inayosimuliwa ni ya dubu.

"Basi hiyo si hesabu," akasema. "Hiyo ni sifa."

Mtu anayelipwa kwa kipande huijua historia ya nchi kwa namna yake. Agosti 1997, vita vya Likoni vilipozuka na watalii wakakimbia, oda zilikatika. Novemba 2002, hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa, zikakatika tena. Baada ya uchaguzi wa 2007, tena. Machi 2020 ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, shangazi alikuwa na malaika 300 waliokwisha shonwa na mteja hapokei simu. Mwenye mshahara hupewa notisi. Yeye alijua hana kazi pale simu ilipoacha kuita. Malaika wale walikaa kwenye gunia chini ya kitanda changu mwaka mzima, na baadaye wakachukuliwa kwa nusu bei.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaitambua kazi ya kulipwa kwa kipande. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 177, unaosema mtu anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na mwajiriwa mwingine katika malipo, usalama na hifadhi ya jamii. Nilimsomea. Aliuliza kama mkataba huo unajua yeye ni nani, maana kwa mteja wake ameandikwa "muuzaji", kama mtu mwenye duka. Pamba ananunua yeye. Uzi ananunua yeye. Taa analipa yeye. Tembo akikataliwa kwa sababu sikio moja limezidi milimita mbili, hasara ni yake.

Kuna siku nilimkuta tembo wetu kwenye duka moja la zawadi. Nilimjua kwa mkia: shangazi husuka nyuzi tatu na kufunga fundo mara mbili. Kalebo kake kalisema kimetengenezwa kwa mkono, Kenya. Bei ilikuwa shilingi 650. Sikumwambia shangazi, na sasa atasoma hapa kama wewe, au nitamsomea.

Sisemi karakana zilikuwa bora na nyumba ni mbaya. Nyumbani shangazi hupumzika mguu ukiuma, hutazama chungu, huswali kwa wakati. Amesomesha watoto wawili ambao hakuwazaa. Ninachosema ni kwamba historia ya Bombolulu ina lango na mwaka, 1969, na hivyo ni rahisi kuisimulia. Hii nyingine haina lango. Iko vyumbani, kutoka kwetu mpaka Ziwa la Ng'ombe, kwa wanawake wanaoshona, wanaosuka, wanaotunga shanga, na hakuna aliyewahi kuja na daftari. Nilikaa chuoni miaka miwili nikisoma historia ya uchumi, na kumbe daftari lenyewe lingeweza kuwa ile hesabu niliyoiandika nyuma ya noti zangu na kuionea aibu: 32,000 gawanya kwa 40.

Macho ya shangazi yameanza kuchoka, na mkono wa kulia unakufa ganzi usiku. Kwa hiyo mwaka huu mimi nashona miili, yeye anashona nyuso. Mshono wangu bado una ngazi zisizo sawa. Ananifumulia bila huruma.

Nilipomaliza rasimu ya makala haya nilimuuliza kama niandike jina lake. Nilidhani atafurahi, baada ya maneno yote ya vifungo masikioni. Aling'ata uzi, akamgeuza tembo kutazama tumbo lake, akasema, "Jina langu wananijua hapa, tangu stage mpaka msikitini. Wewe andika bei."

Mwaka huu tembo ni shilingi 45. Nyota ni 30. Malaika ni 50, kwa sababu ya mabawa.